Mashine Iliyoitwa Wekulo

Faili ilitoka na mashine moja zaidi ya zile ilizoingia nazo. Javan Wakoli aliitazama kwenye skrini, akaifuta ile ya ziada, akaendelea na chai yake iliyokwisha kupoa. Makosa ya programu alikuwa ameyazoea.

Hiyo ilikuwa Januari ya 1998, mvua za El Nino zikiwa zimegeuza njia za mtaa wa Fedha kuwa matope matupu. Javan na mwenzake Mutunga walikuwa wamekodi chumba cha mbele katika nyumba ya mtu, wakaweka humo kompyuta, simu na ruta kadhaa kuukuu. Ruta ni kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi moja na za nyingine. Kila ruta ina faili yake ya mipangilio yenye jina lake, anwani yake na majirani inaozungumza nao, ila ruta za kampuni hii hazielewi faili za kampuni ile. Basi vijana hawa walikuwa wanaandika laibrari. Si ya vitabu, bali vipande vya programu vya kusoma faili ya ruta ya aina moja na kuigeuza iwe ya aina nyingine. Kampuni ya kusafirisha vifurushi, yenye ofisi hadi Kitale, ilikuwa inaisubiri kwa hamu.

Baada ya chakula cha mchana ile mashine ilikuwa imerudi. Safari hii Javan alilisoma jina lake. Wekulo.

Alilijua vizuri, kwa sababu ni yeye aliyeliandika mwanzoni. Laibrari ya namna hiyo hujaribiwa kwa faili za mfano, zenye mashine za kubuni. Mutunga alizipa zake majina ya bucha za Soko la Burma, kwa kuwa ndiko akili yake ilikoshinda. Javan alitumia majina ya marehemu wa kwao Bungoma. Huko mtoto hupewa jina la mtu aliyetangulia, na huyo marehemu humlinda, naye aliona si vibaya wakiilinda na kazi yake. Majina yalipomwishia akaongeza la baba yake mdogo, Wekulo, mtu mcheshi aliyempenda sana utotoni, ambaye asubuhi moja alikutwa amejinyonga zizini. Jina la aliyejinyonga halipewi mtu. Javan alijua hivyo, akajiambia kwamba mashine si mtu, na tena mashine yenyewe haipo. Baadaye nafsi ilimsuta, akalifuta. Sasa limerudi lenyewe.

"Maze Javan," Mutunga aliita kutoka meza yake. "Hii ruta ya Wekulo umeichomeka wapi?"

"Hakuna ruta kama hiyo."

"Iko, bwana. Nimeiita, imejibu."

Kuna amri ya kuita mashine kupitia waya, na ikiwa hai hujibu. Javan alikwenda akasimama nyuma ya kiti cha mwenzake, akaona majibu yakishuka kwenye skrini, polepole, bila wasiwasi. Mutunga alichomoa waya wa ruta ya kwanza, akachomoa wa ya pili, akachomoa na ule wa simu, na majibu yakazidi kushuka kwenye kompyuta ambayo sasa haikuunganishwa na kitu ila umeme, kisha umeme nao ukapotea mtaa mzima kama kawaida ya mvua zile, skrini ikazima, na katika ule ukimya ikawajia harufu ya zizi, ya nyasi zilizolowa na mkojo wa ng'ombe, ndani ya chumba cha saruji ambacho hakijawahi kuingia hata kuku, na juu yao kukaanza kusikika boriti ya mbao ikilia taratibu chini ya kitu kizito kinachopembea, ilhali juu yao hapakuwa na boriti, palikuwa na zege tupu.

"Unasikia?" Mutunga alinong'ona.

"Nasikia."

"Na hauogopi?"

Javan alijichunguza. Hakuogopa, hakuhisi kitu chochote. Mwili wote ulikuwa kama mkono uliolaliwa.

"Hii ni jini, buda," Mutunga alisema, ameshaufikia mlango. "Kwetu Machakos tunazijua hizi. Kuna mtu ametutumia."

"Haijatumwa. Nimeiita mimi."

Nyumbani kwa Javan, mtaa wa Mbotela, mkewe Khalayi alikuwa amelala chumbani, tumbo limeshuka, siku yoyote angejifungua. Mama yake Javan, Asenath, alikuwa amekuja kutoka Bungoma kumpokea mjukuu. Javan alimkuta uani akichambua mboga za mrenda, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Mikono ya mama ikasimama.

"Ulimtaja?"

"Niliandika tu, mama."

"Ukiandika jina la mtu umemtaja. Miaka hii yote hakuna mtoto aliyepewa jina lake, anazunguka nje tu. Sasa wewe umemfungulia mlango, na mke wako yuko hivyo alivyo." Alitazama dirisha la chumbani. "Mtoto akichukua lile jina atakwenda njia ile ile. Huyu usimwambie kitu."

"Tufanye nini?"

"Mti aliojinyongea mtu hukatwa, ukachomwa wote pamoja na mizizi. Nionyeshe mti wake."

Kesho yake Asenath alisimama katika ofisi ya Fedha, kitambaa cha kanisani kichwani, akanusa hewa, kisha akaionyesha kompyuta kwa kidole. Waliichomea uani kwa mafuta ya taa, pamoja na diski zote. Mutunga alilia machozi ya kweli, maana kompyuta ilikuwa yake. Javan aliutazama moshi, akawa anafikiria kama viatu vyake vinavuja. Asenath alisema kwa Kibukusu na mtu ambaye wao hawakumwona, kwa upole, kama anayemsindikiza mgeni aliyekaa kupita kiasi. Harufu ya zizi ikaondoka. Boriti ikanyamaza.

Asenath alipotangulia getini, Mutunga alimvuta Javan shati.

"Kuna kitu sijakuambia. Ile laibrari nilishaiweka kwa intaneti, watu wachukue bure. Pamoja na zile faili zako za mfano, kabla hujafuta lile jina."

"Kuna aliyechukua?"

"Wengi. Kuna msee wa Finland ameniandikia, anauliza Wekulo ni nani. Anasema inajibu huko kwake."

Javan alimtazama mama yake akikung'uta majivu kwenye gauni. Alikuwa na furaha, akiimba wimbo wa kanisani chinichini. Javan hakumwambia.

Khalayi alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti. Tatizo lilikuwa hiyo sauti. Alilia hospitalini, akalia njiani, akafika Mbotela analia, na titi halitaki. Kwao kilio kama hicho kina maana yake: mtoto anadai jina, na wakubwa huwaita marehemu mmoja mmoja mpaka anyamaze. Asenath aliwaita wa upande wa mumewe, akawaita wa upande wake, akawaita hata wa ukoo wa Khalayi, wake kwa waume, na mtoto akazidi kulia mpaka sauti ikakauka na midomo ikapasuka. Daktari hakuona ugonjwa. Majirani walikuja na majina yao, wakarudi nayo.

"Mama, ita mengine," Khalayi alisihi.

"Yamekwisha, mwanangu."

Javan alimvuta mama yake hadi mlangoni.

"Limebaki moja," alinong'ona. Kisha akamwambia habari za yule mtu wa Finland.

Asenath alishika kizingiti. "Nyamaza. Hilo litamuua."

"Hatakufa nalo leo. Bila hilo anakufa leo."

Javan alirudi ndani, akainama, akamwambia mtoto sikioni, "Wekulo."

Kilio kilikatika katikati. Mtoto aligeuza uso, akalitafuta titi, akanyonya kwa nguvu za mtu mwenye njaa ya siku nyingi. Khalayi alicheka na kulia pamoja, akimpapasa kichwa.

"Kumbe ndilo alilotaka! Jina la nani hilo, Baba Wekulo?"

Javan aliketi kitandani. "La baba mdogo," alisema. "Alikufa zamani."

"Hamjawahi kunisimulia habari zake. Mama, alikuwa mtu wa namna gani?"

Asenath alikuwa ameshatoka. Khalayi alimwona dirishani akiifungua kamba ya kuanikia nguo, haraka haraka, nepi mpya za mtoto zikianguka matopeni.