Shamsi Aonyeshwa Mtaa

Barke anakaa Mji wa Kale, Mombasa. Vichochoro vya kwao ni vyembamba. Ukinyoosha mikono, unagusa nyumba mbili.

Leo Shamsi, mdogo wake Barke, ametimiza siku arobaini. Kwao, siku hiyo mtoto hutolewa nje kwa mara ya kwanza, aonyeshwe mtaa wake.

"Mimi nitambeba," akasema Mama. "Wewe ndiwe dada. Mwonyeshe."

Wakafika kwenye mlango mkubwa wa nakshi. Barke akabisha kidogo. Ko-ko-ko!

"Shamsi, fungua macho. Huu ni mtaa wako."

Lakini Shamsi amelala. Fuu... fuu...

Wakafika kwa Ami Badi, muuza kahawa. Anagonganisha vikombe vyake. Kling-kling! Kling-kling!

"Eh! Mgeni gani huyu, kaja kulala?" Ami Badi akacheka. "Hata kahawa yangu haitaki!"

"Ana siku arobaini tu, Ami," akasema Barke. Akamwinamia mdogo wake.

"Shamsi, fungua macho. Huu ni mtaa wako."

Fuu... fuu...

Wakafika kwenye msikiti wa zamani, wenye mnara mweupe. Karibu yake pana kisima. Mtu akatumbukiza ndoo. Chubwi!

Fuu... fuu...

Wakafika Ngome ya Yesu. Kuta zake ni nene na ndefu. Babu wa babu yake Barke alizikuta hapo hapo. Juu yake wanakaa njiwa. Kuu-kuu. Kuu-kuu.

Barke akamtekenya Shamsi unyayo.

"Shamsi, fungua macho! Huu ni mtaa wako!"

Fuu... fuu...

Wakarudi nyumbani. Barke akalia.

"Hakuona kitu, Mama. Na siku ya arobaini haiji mara mbili."

Mama akamfuta machozi kwa ncha ya leso.

Jua likatua. Vichochoro vikawa vya buluu. Ndipo Shamsi akaamka, akalia huku kafumba macho.

Ngaa! Ngaa! Mama akamwimbia. Ngaa! Baba akampakata. Ngaa! Ngaa!

Barke akagonga ubao wa kitanda. Ko-ko-ko.

Shamsi akanyamaza.

Barke akakimbia jikoni, akaleta vikombe viwili. Kling-kling. Shamsi akageuza kichwa.

"Chubwi," Barke akanong'ona. "Kuu-kuu."

Shamsi akafungua macho. Makubwa, meusi, yanang'aa.

"Mama! Anaujua mtaa! Kumbe alikuwa akisikia!"

"Haya basi, dada," akasema Mama. "Mtembeze tena."

Barke akajilaza karibu na Shamsi. Akaanza upya, polepole.

"Huu mlango... Ko-ko-ko. Hapa kwa Ami Badi... Kling... kling... Hiki kisima... Chub..."

Fuu... fuu...

Safari hii aliyelala ni Barke.

Na Shamsi yuko macho, anangoja njiwa.