Simu Kwenye Kikombe cha Cucu

Ngrr, ngrr, ngrr. Kikombe cha bati kilinguruma juu ya kabati, gizani, kabla jogoo wa mtaa wa Kiganjo, Thika, hajawika. Huo ulikuwa mtindo wa Cucu. Kila usiku aliilaza simu ndani ya kikombe ili ikitetemeka aisikie, maana macho yake yalikuwa yamefifia lakini masikio yalikuwa mazima.

"Wajina," aliita kutoka kitandani, "hebu nisomee."

Alimwita wajina kwa sababu Ngina, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amepewa jina la bibi yake huyo, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu. Mama yake Ngina, Maggie, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo Ruiru na kupanga chumba Mwihoko. Thika alifika Jumapili tu. Kwa hiyo Ngina ndiye aliyekuwa macho ya Cucu. Alimsomea kila ujumbe na kumbonyezea namba ya siri, ambayo ilikuwa mwaka aliozaliwa Ngina mwenyewe.

Ngina aliichukua simu, akasoma kimoyomoyo: "Ombi lako la kutoa pesa limekataliwa. Njia hii ya malipo haipatikani katika nchi yako."

Akausoma tena.

Jana jioni, Cucu akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, mama alikuwa ametuma pesa za dawa za presha. Na juzi tu, Becky wa darasani kwao alikuwa amemwonyesha kasino moja ya mtandaoni.

"We, unaogopa nini? Unalipa kwa simu tu, kama unanunua unga," Becky alikuwa amesema. "Gurudumu linazunguka, pesa inajaa. Mamako hata atahama Mwihoko, arudi huku."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomnasa Ngina. Alidanganya umri wake, akaweka pesa zote za dawa. Gurudumu likazunguka, pesa zikaongezeka kwenye kioo, akaruka kwa furaha. Lakini alipotaka kuzitoa, ikatokea orodha ndefu ya nchi na pochi zao za mtandaoni. Wa nchi hii watoe kwa pochi hii, wa nchi ile kwa ile. Kenya ilikuwa na njia ya kuweka. Ya kutoa haikuwapo. Akatuma ombi hivyo hivyo, akalala akimwomba Mungu.

"Wajina, umelala tena?"

"Ni mama," Ngina akasema. "Anasema... bado hajalipwa. Atatuma wiki ijayo."

Cucu alitikisa kichwa. "Maskini Maggie. Akija leo usimtajie mambo ya pesa, sawa? Atasikia vibaya."

Kulipokucha, Cucu aliketi mlangoni penye mwanga, kisu cha kumenyea viazi mkononi. Alikuwa anakata vidonge vyake vilivyobaki nusu kwa nusu.

"Nusu leo, nusu kesho," alisema akicheka. "Mwili wangu si wa choyo."

Lakini alipoinuka, alishika mwimo wa mlango, akasimama hapo mpaka kizunguzungu kikapita. Kisha akaenda kumfungia Maggie maharagwe meusi ya njahi na ndizi za kubeba.

Mama alifika baada ya ibada. Cucu akamsukumia mfuko. "Shika, mwanangu. Ule ushibe."

"Kwani nimekonda, Mami?" Mama alicheka. "Na wewe mbona umepauka?"

"Mimi? Mimi niko sawa kabisa."

Ngina aliwatazama. Mama asingeuliza habari za pesa, Cucu asingesema. Hakuna mtu angejua kamwe. Nusu ile ya kidonge ilikuwa bado juu ya kabati, kando ya kikombe.

"Mama alituma!" akalipuka kwa kilio. Akawaeleza yote, tangu gurudumu hadi uongo wa alfajiri.

"Ngai!" Mama alishika kichwa. "Na uliwaambia una miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Ishirini na mmoja, na soksi nakukumbusha kuosha!"

Cucu aliguna, karibu acheke. Mama hakucheka. Alimshika Ngina mkono wakaenda hadi duka la dawa, akanunua vidonge kwa pesa alizokuwa ametenga za viatu vipya vya Ngina. Ngina hakulalamika. Vile vya zamani vingepelekwa kwa fundi tena.

Waliporudi, Cucu alimeza kidonge kizima, akamketisha Ngina kando yake.

"Michezo hiyo hata watu wazima inawamaliza," Mama alisema. "Kwetu wamefungua mlango wa kuingilia tu. Na kama ungekuwapo wa kutokea, mimi nisingerudi hapa kwa pesa za bahati. Nakutaka wewe, si ushindi. Namba ya siri naibadilisha leo."

"Lakini kusoma atasoma yeye," Cucu alisema. Alikishika kidevu cha Ngina. "Pesa hutafutwa tena, wajina. Ila mimi, ukiniambia kumekucha, hata kama bado ni usiku, nitaamka nitoke nje. Ndiyo maana lazima uniambie lililoandikwa, hata likiwa baya, hata likiwa ni kosa lako."

Alfajiri iliyofuata kikombe kilinguruma tena.

"Wajina, hebu nisomee."

Ngina aliinua simu. Aliusoma ujumbe mara moja, akavuta pumzi.

"Cucu, ni wale wa kasino, wanataka nirudi."