Barafu Kabla ya Maji

Aliyenisimulia haya ni Wendell mwenyewe, jirani yetu hapa Duluth, na si mtu wa porojo.

Miaka sita mama yake alimsihi aunganishe mpira wa maji kwenye friji ya nyumbani kwa mama huyo, ili mashine iliyomo ndani imtengenezee barafu. "Jumamosi, Mama," Wendell alimjibu kila mara. Mama akaendelea kujaza maji trei yake ya bluu ya kugandishia barafu kwenye sinki, mpaka siku alipoteleza nayo. Trei ilivunjika, nyonga ikavunjika, na kutoka hospitalini hakurudi.

Baada ya mazishi, Wendell alishuka kwenye giza la chumba cha chini ya nyumba ya mama, akabana koki ndogo ya kuchukulia maji ya friji kwenye bomba la shaba, nafsi ikimsuta. Juu kukasikika: ko, ko, ko.

"We Wendell! Umeshafungulia maji?" mkewe Marlys aliita kutoka jikoni.

"Bado! Mpira ninao mkononi!"

"Sasa mbona barafu inadondoka?"

Akapanda ngazi mbio. Mashine ile hutoa barafu za umbo la nusu mwezi. Zilizokuwa kwenye droo ya barafu ya friji zilikuwa za pembe nne, kumi na mbili kamili, kama za trei ya bluu. Na sakafu ilikuwa imelowa matone, kutoka sinki hadi kwenye friji.