Tambi Baridi za Odeta

Soko la Mpanda lilikuwa limefurika siku Masunga alipomkanyaga Odeta mbele ya meza za dagaa. Binti alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano. Badala ya kufoka, alicheka.

“Kaka, huo mguu ni wangu.”

“Nisamehe, dada. Nilikuwa naangalia uso.”

Simu zikaanza hapo, mapenzi yakafuata. Odeta alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni. Mgeni mmoja Mjapani alikuwa amemfundisha kupika soba, tambi za kwao, akamwachia pakiti chache.

Jumapili moja Masunga akampeleka mama yake, Christina, nyumbani kwa Odeta mtaa wa Nsemulwa, kumwona mchumba. Mama alikuwa na kisukari, na tangu aambiwe apunguze ugali alikula kwa huzuni. Odeta akachemsha tambi, akazisuuza kwa maji ya barafu, akaweka mchuzi pembeni.

Mama akagusa, akasukuma sahani.

“Kwetu mgeni hupewa cha moto. Hiki kiporo.”

Akanyanyuka, Masunga nyuma yake. Walipofika nyumbani, Masunga akapiga simu.

“Mpenzi, mama yangu wa kumpa kiporo?”

“Zinaliwa baridi, Masunga! Zina protini na nyuzinyuzi, sukari haipandi haraka kama kwa sembe. Nilimtunzia pakiti ya mwisho. Na wewe ukaondoka bila kuniuliza.”

Masunga aliona aibu. Akamweleza mama yote.

“Ya mwisho?” mama akauliza. “Kanipa mimi? Nirudishe.”

Odeta alifungua mlango macho yakiwa mekundu.

“Nisamehe, mpenzi,” Masunga akasema.

“Pita kwanza. Mama, karibu.”

Akatoa tambi kwenye friji. Mama akala polepole, kisha akala kwa hamu, jasho la joto la Mpanda likimkauka usoni. Odeta akamwekea kiganjani mbegu chache nyeusi, zenye pembe tatu, alizoachiwa na yule Mjapani.

“Tambi zinatoka humu, mama. Siyo ngano kabisa. Ila siyo dawa, kupima sukari usiache.”

Mama alizigeuza kwenye mwanga, muda mrefu, kama mtu aliyeshika kifaranga.

“Jamani, Mungu! Kadogo hivi, na nguvu yote hiyo kaijaza humu?”

Hakuzirudisha. Akazifunga kwenye pindo la kanga.

“Masunga.”

“Naam, mama.”

“Kawaambie wajomba zako waanze kuchagua ng’ombe. Na wachague wenye maziwa.”