Shemeji Aliyekiziba Kisima Changu

Ndugu wasomaji, nina miaka hamsini na mbili. Shule niliishia darasa la nne, na bado nina nyumba Chang'ombe, duka Kikuyu na shamba la zabibu Makutupora, zote hapa Dodoma. Sikurithi hata jembe! Lakini hili ninalowaandikia linanichemsha damu mpaka leo...

Shamba langu lilitegemea kisima kirefu nilichochimbisha kwa jasho langu. Kilikuwa na kasoro moja tu. Maji matamu yalitoka chini kwa wingi, ila tabaka la juu lilichuruzisha maji ya chumvi kidogo, yakachanganyika. Majani ya mizabibu yakaanza kuungua kingo.

Ndipo akaja Yona, kaka wa mke wangu. Alikuwa amerudi kutoka nje ya nchi, kwenye visima vya mafuta, na ukweni kote wakimwita Injinia. Akanieleza kwamba kule maji husukumwa ardhini ili yatoe mafuta, lakini hukimbilia kwenye nyufa pana na kuyaacha mafuta yamekwama kwenye mwamba. Kwa hiyo humimina jeli ya polima, ute mzito wa kemikali, ikaganda, ikaziba nyufa zile. Maji yakikosa njia, huyasukuma mafuta nje.

"Shemeji, chumvi yako tutaiziba vivyo hivyo," akasema.

Nilitaka kumuuliza: hiyo jeli itaujuaje ufa wa chumvi? Niliuliza? Thubutu! Alikuja na mama yake. Mama mkwe wangu kaketi kitini karibu na pampu, anamtazama mwanawe kwa fahari. Kwetu hatumhoji mtu hivyo mbele ya mkwe, ni kama kumvua nguo mama wa watu.

Unga wa polima aliokuja nao Yona ukakorogwa kwenye mapipa ya maji, ukawa ute unaovutika. Ndahani, msimamizi wangu wa shamba, akacheka: "Bosi, leo kisima kinakula mlenda bila ugali!"

"Cheka tu," Yona akamjibu. "Utakuja kuniomba maji ya chai."

Jeli ilipoganda tukawasha pampu. Ikakohoa... ikatoa maji kiduchu. Nikaonja. Chumvi tupu! Matamu ndiyo yaliyozibwa!

Nilimfuata Yona kwake, safari hii mama hayupo. Akakiri kwamba jeli hukimbilia penye njia pana, na kwangu njia pana ilikuwa ya maji matamu. Kule hulitenga kwanza tabaka wanalotaka kuliziba.

"Sasa mbona hukutenga?"

"Hapo sikusikia vizuri, shemeji. Mimi kule nilikuwa jikoni. Mainjinia walikuwa wanaongea huku wanakula."

Mpishi! Jamani, mpishi kanimiminia ute kisimani! Nililetewa kompresa ya kukisafisha kwa kupuliza hewa, wapi! Pampu nayo ikaungua. Kiangazi kikapamba moto, zabibu zikasinyaa zikiwa mbichi. Na mke wangu ananiambia nimsamehe, eti alitaka kusaidia. Kusaidia nini? Angesema ni mpishi ningempa kazi ya kuwapikia vibarua, na ningemlipa vizuri. Mimi si mchoyo!

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Kabla mtu hajamimina chochote kwenye ardhi yako, muulize mikono yake ilifanya kazi gani huko alikotoka. Muulize hata mama yake akiwepo. Akinuna, anune! Aibu ile ingepita kabla ya chakula cha mchana. Mizabibu yangu nimeing'oa yote, nimeifanya kuni.