Kikombe cha Tatu cha Sitna

"Huyu si mimi, Oshaik."

Sitna alitamka hayo katikati ya ukumbi wa picha mjini Amman, mkoba wa safari ungali begani. Alikuwa amewasili asubuhi ile kutoka Cairo, baada ya kumngoja miaka miwili mchumba wake Oshaik, mchoraji na mwana wa ami yake, aliyeahidi kumwita "mwezi ujao". Ukutani zilitundikwa picha sita alizozichora Oshaik, za mwanamke akimimina kahawa.

"Ni wewe, binti ami. Mtandio wako, kipini chako cha puani..."

"Na mkono? Lini umemwona binti wa kwetu Kassala akimmiminia mgeni kahawa kwa kushoto? Mama angenizaba kofi!"

Oshaik alizikagua. Zote sita, kushoto.

"Nilikaa mbele ya kioo," alikiri. "Sikuwa na wa kumchora. Birika nililishika mwenyewe kwa kulia, kioo kikaugeuza mkono."

"Kumbe! Miaka miwili unajichora wewe, halafu unaniandikia eti unaniona mimi."

Simu ya Oshaik ikatetema. Ulikuwa ujumbe wa Bi Rula, mwenye ukumbi: "Beirut wanazitaka zote. Gari linafika saa tisa. Nawe utasafiri nazo."

Sitna aliusoma kando yake.

"Haya, nenda. Kassala ulisema Cairo ndiko kwenye wachoraji. Cairo ukasema Amman ndiko kwenye rangi. Beirut kuna nini? Macho?"

Neno lilimchoma. Kassala alichora kwa mkaa. Cairo, walipokosa rangi, Sitna alimpa machicha ya kahawa, akachora juu ya magunia ya sukari, na picha zile zilikuwa hai. Amman alipata rangi za mafuta, wanunuzi, na haraka.

Akapiga simu.

"Bi Rula, picha haziondoki. Mkono nimeukosea, nimechora wa kushoto."

"Umerukwa na akili, ustadhi? Nani Beirut atautazama mkono?"

"Aliyechorwa ameutazama."

"Wapo wanaoililia nafasi hiyo!"

"Wapewe."

Alasiri, nyumbani kwa shangazi yao, Sitna alikaanga buni, akaitwanga pamoja na tangawizi. Oshaik aliketi mbele yake na karatasi, kidole kimechovywa katika machicha. Kikombe cha kwanza. Cha pili. Sitna akalitua birika.

"Cha tatu?" aliuliza Oshaik. Kwao, mtu haondoki kwa vikombe viwili isipokuwa ana kinyongo.

"Cairo uliondoka kwa viwili. Teksi ilikuwa inapiga honi."

"Leo hakuna teksi."

"Nionyeshe kwanza."

Akamgeuzia karatasi. Sitna aliitazama kitambo kirefu. Mkono wa kulia ulikuwa wake hasa, hata lile kovu la moto kwenye kidole gumba.

"Pua umeipinda."

"Nitairudia kesho."

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa nampigia ami, tupange siku ya ndoa."

"Mpigie sasa," alisema Sitna, akainua birika na kumimina cha tatu.