Nakala ya Saba

Mwanaume mwenye kaunda suti ya kijivu alikuwa amesimama katikati ya duka la viatu, Zhanqian Road mjini Guangzhou, China, mguu mmoja una kiatu cheusi kinachong'aa, wa pili una soksi tupu. Alikuwa anamwuliza muuzaji kwa Kiingereza cha upole kiko wapi kiatu cha pili, na muuzaji, dada mfupi mwenye kikokotoo kilichoning'inia shingoni, alimjibu neno lile lile kila mara: meiyou. Nyuma yao watu walipita na marobota mabegani, matoroli yakigonga visigino vya wasioangalia.

"Anakwambia hakuna," ilisema sauti ya kike, kwa Kiswahili.

Mwanaume aligeuka. Alimwona mwanamke wa miaka kama thelathini na miwili, mtandio wa zambarau, sketi ndefu ya jinzi, raba nyeupe, kalamu imechomekwa juu ya sikio.

"Hakuna kiatu cha pili?"

"Hiyo ni sampuli, kaka yangu. Hapa huuziwi jozi, unauziwa katoni. Unataka katoni?"

"Nataka kuingia kwenye dhifa leo jioni nikiwa na viatu viwili. Changu kimeachia soli."

Mwanamke alicheka. Alimwita mwenye duka, laoban, akaongea naye kwa maneno machache ya Kichina na mengi ya mikono, na baada ya dakika mbili jozi nzima ikatoka stoo.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba wewe ni mfanyabiashara mkubwa, kesho unarudi kuchukua katoni mia."

"Umemdanganya."

"Kwani wewe unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mbunge."

"Basi wewe na uongo hamtagombana."

Hivyo ndivyo Swalha wa Temeke alivyokutana na Mheshimiwa Haroun, Oktoba ya mwaka tisini na saba. Haroun alikuwa amekuja na wabunge wenzake kuona maonyesho ya biashara ya vuli, akapotezana nao. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mjane wa mwaka wa tatu. Swalha alikuwa ameachika zamani, hana mtoto. Alinunua nguo na viatu Guangzhou akavipeleka Kariakoo, na nusu ya mwaka aliishi katika chumba cha hoteli nafuu pale Liuhua, dirisha linaloitazama stesheni ya treni.

Siku nne zilizobaki za ziara Haroun alipotezana na wenzake kila alasiri. Walikula tambi kwa Waislamu wa kaskazini wenye kofia nyeupe, na ilikuwa hapo, siku ya tatu, Haroun alipouliza kwa nini Swalha hufumba macho kila anapopita mbele ya milango ya chuma ya maghala.

Swalha aliweka vijiti chini. "Mdogo wangu Bimdogo alikuwa anafanya kazi kiwanda cha kandambili kule nyumbani. Kiliungua, mwaka jana mwezi wa tatu, na mlango wake wa chuma haukufunguka. Ulisikia?"

"Wasichana kumi na saba," alisema Haroun.

"Yeye alikuwa wa kumi na saba. Na wakasema moto umetoka kwake. Kwamba alikuwa na jiko la mafuta ya taa, anapika chai kwa siri. Mtaani kwetu wameondoka wasichana watano wengine. Mama zao wanampita mama yangu kama wanavyopita jalala."

"Ilifanyika tume. Kuna ripoti."

"Ipo kabatini kwa mtu. Ndugu wa marehemu tumeambiwa tusubiri. Wewe mbunge, kazi yenu si kuuliza?"

Haroun naye aliweka vijiti chini, na hilo Swalha alilipenda. "Ndiyo kazi yetu," alisema.

Haroun aliporudi nyumbani alianza kumpigia Swalha simu hotelini. Meneja wa hoteli aliizoea ile sauti, akawa anagonga mlango wa Swalha akisema neno moja la Kiswahili alilojifunza: "Mume." Swalha aliacha kumsahihisha mwezi wa pili wa simu hizo.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe umesinzia bungeni leo?"

"Kidogo, saa ya maswali ya maji."

"Watu hawana maji wewe unalala."

"Nilikuota wewe unawapa."

Mwezi wa Ramadhani Swalha alikuwa Dar, na Haroun akaja Temeke kufuturu. Alikaa mkekani, akala tambi za nazi na uji wa pilipili manga, akaposa kwa adabu mbele ya mama mzazi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sina kipingamizi, mwanangu," alisema. "Lakini nikipiga hodi leo kualika watu kwenye harusi, nani ataitika? Mama zao hawa wasichana ndio tuliokuwa tunapika pamoja. Mimi najua mwanangu hakuwa na jiko. Lakini kujua kwangu hakumtoshi jirani."

"Mama, ripoti nitaitaka bungeni. Itasomwa, kila mtu ataisikia."

"Inshallah. Ikisomwa, njooni muoane siku hiyo hiyo."

Ilichukua miezi kumi. Haroun aliandika hoja, ikarudishwa, akaandika tena. Kila hatua alimpigia Swalha akamweleza kama mtu anayesimulia mechi. Novemba ya tisini na nane hoja ilipangiwa siku.

Asubuhi ya siku hiyo alipiga kutoka Dodoma. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Jana chama kilituita kikaoni," alisema.

"Wamesema nini?"

"Maneno ya chama. Usijali. Utasikiliza?"

"Dalila atanishikia mkonga wa simu karibu na redio. Haroun, mbona unaongea kama mtu wa hospitali?"

"Nimechoka tu. Nakupenda, Swalha."

"Na mimi. Vaa vile viatu."

Dalila alikuwa binamu yake, fundi cherehani wa Temeke, mwenye redio na simu ya mezani. Swalha alipiga mara ya kwanza saa nane mchana ya Guangzhou, saa tatu asubuhi ya nyumbani, kutoka kibanda cha simu karibu na stesheni. Kupitia masafa yale alisikia dua ya kufungua kikao, ikakwaruza kama inatoka ndani ya debe. Hati zikawekwa mezani. Mbunge mmoja akauliza juu ya visima, naibu waziri akajibu kwamba upembuzi unaendelea. Alikata. Alipopiga tena, muswada wa mambo ya vyama vya ushirika ulikuwa unapita kifungu kwa kifungu, sauti ya Spika ikihoji na ukumbi ukiitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama wanaotwanga.

Mara ya tatu Dalila alinong'ona, "Anasimama."

"Mheshimiwa Spika," ilikuwa sauti ya Haroun, na Swalha akajikuta amelibana sikio mpaka likauma. Haroun alisema vizuri. Alitaja kiwanda, alitaja tarehe, alisoma majina kumi na saba moja moja, na alipofika kwa Bimdogo alilisoma polepole. Alilitaka Bunge liazimie ripoti iwekwe mezani. "Naomba kutoa hoja." Wachache wakaitikia: "Naafiki."

Swalha alikuwa analia na kucheka. Mwenye kibanda alimsogezea stuli.

Kisha waziri akasimama. Alimpongeza mtoa hoja kwa uchungu wake. Alisema Serikali nayo ina uchungu. Akapendekeza marekebisho madogo: palipoandikwa ripoti iwekwe mezani, pasomeke kwamba Bunge linaipongeza Serikali kwa hatua ilizochukua, na kuitaka iendelee kuifanyia kazi ripoti hiyo kwa wakati mwafaka.

"Namwita mtoa hoja," ilisema sauti ya Spika.

Swalha alisikia karatasi zikikunjwa karibu na kipaza sauti.

"Mheshimiwa Spika," alisema Haroun, "nayakubali marekebisho."

Ukumbi ukahojiwa. Wanaoafiki wakasema ndiyo, sauti moja nene. Wasioafiki wakaulizwa, mtu mmoja au wawili wakasema siyo, na mmoja wao alikohoa. Hoja ikapita. Wakaanza kutangaza kamati zitakazokutana mchana.

"Swalha?" Dalila alisema. "Imepita, sivyo? Nimesikia imepita."

"Imepita," alisema Swalha.

Kuanzia siku hiyo meneja aligonga mlango akasema "Mume," na Swalha akajibu, "Meiyou." Wiki tatu baadaye Dalila alimwambia kwenye simu kwamba Haroun ameteuliwa naibu waziri.

Haroun alikuja mwenyewe, mwishoni mwa Januari. Safari ya kikazi ilikuwa ya Beijing. Aliomba siku moja. Baridi ilikuwa imeshuka, na uwanja wa stesheni ulifurika watu wanaorudi makwao kwa mwaka mpya wa Kichina, familia nzima zimekalia mabegi. Swalha alimkuta mlangoni mwa hoteli, koti jeusi la sufi, shingo bila skafu, amekonda.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema. Hakuwahi kumwamkia hivyo, hata kwa utani.

"Usinifanyie hivyo."

"Nikufanyieje? Nikupigie makofi mezani?"

Walitembea, kwa sababu hapakuwa na pa kukaa. Haroun alisema, "Walituambia atakayekataa marekebisho, jina lake halirudi kwenye uchaguzi. Mimi nina ndugu tisa wanaonitegemea, na jimbo lina barabara moja niliyowaahidi. Niliogopa, Swalha. Huo ndio ukweli wote. Nilisoma yale majina huku nikijua nitakubali."

"Ulijua tangu asubuhi uliponipigia."

"Nilijua."

"Ukaniacha nisikilize."

"Nilitumaini nitabadilika nikiwa nimesimama."

Swalha alimpenda bado. Lilikuwa jambo la kuchosha kama kubeba robota ambalo hakuna wa kulipokea. Alivua mtandio wake wa sufi wa mabegani akamzungushia shingoni kwa sababu alikuwa anatetemeka, kisha akakasirika kwamba amefanya hivyo.

"Nimeisoma," Haroun alisema.

"Nini?"

"Ripoti. Ziko nakala kumi na mbili, kila moja ina namba. Mimi nimepewa ya saba, baada ya uteuzi. Bimdogo hakuwa na jiko. Hapakuwa na jiko lolote mle ndani. Moto ulianzia kwenye waya za mashine, na wenye kiwanda waliwahi kuonywa juu ya waya hizo mara mbili."

Swalha alisimama. Watu wakawa wanawapita pande zote mbili.

"Mlango?"

"Ulifungwa."

"Kwa ndani au kwa nje?"

"Kwa nje. Kwa kufuli. Bimdogo alikutwa dirishani. Walionusurika wawili, kabla hawajaonywa wanyamaze, waliiambia tume yeye ndiye aliyewainua wakatoka. Alikuwa anamwinua wa tatu."

Swalha hakulia. Alimshika mkono akamvuta, nusu akikimbia, mpaka kibanda cha simu, akaomba namba ya jirani wa mama yake. Temeke ilikuwa asubuhi. Walisubiri mama aitwe. Haroun alikuwa amesimama karibu sana, bega lake linagusa la Swalha, kwa sababu kibanda kilikuwa chembamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Mama, Bimdogo hakuwa na jiko. Ripoti imesema. Moto ulikuwa wa waya. Mlango ulifungwa kwa kufuli nje. Bimdogo aliwatoa wenzake wawili dirishani, mama. Wawili."

Mama akavuta pumzi. "Alhamdulillahi," alisema taratibu. "Alhamdulillahi. Imesomwa wapi? Redioni?"

"Haijasomwa."

"Iko gazetini?"

"Hapana, mama."

"Sasa nani kasema?"

Swalha aligeuza uso. Haroun alikuwa amesikia. Sauti ya mama ilitoka wazi kwenye mkonga. Alimtazama Swalha machoni, na macho yake yalijaa maji, na akatikisa kichwa: hapana.

"Mtu mmoja, mama."

"Mtu mmoja hana jina?"

Swalha alisubiri. Alimpa muda wote ambao kibanda kiliweza kumpa. Haroun akainamisha kichwa, akaanza kuufungua mtandio shingoni, kama mtu anayetaka kurudisha kitu cha watu.

"Hana," alisema Swalha.

"Basi mimi niwaambie nini akina mama Zulfa waliofiwa na mabinti zao? Niwaambie mwanangu kasikia China?" Mama hakukasirika. Alikuwa amechoka. "Umefanya vizuri kunipigia. Mimi nitalala nikijua. Lakini usimwambie mtu mwingine, watasema sasa tumeanza kutunga."

Walipotoka nje, Haroun alisema, "Nipe mpaka uchaguzi. Miaka miwili kasoro tu. Nikirudi na kiti changu nitaongea, nakuapia. Tuoane sasa, kimya kimya, hata hapa hapa."

"Ungelisema jina lako mle ndani, ningekuja nawe leo na nguo hizi hizi nilizovaa."

"Swalha, ningepoteza kila kitu."

"Najua. Sikulaumu kama unavyodhani. Ila kila utakaporudi nyumbani jioni nitakuwa nakuuliza, na utakuwa unatikisa kichwa. Nenda, ndege itakuacha."

"Unanipenda?"

"Nakupenda. Nenda."

Alimsimamishia teksi mwenyewe, akamwambia dereva kwa Kichina chake cha sokoni: uwanja wa ndege, Baiyun, haraka. Haroun aliteremsha kioo kusema jambo, lakini gari likaingia kwenye msururu na Swalha hakulisikia.

Uchaguzi ulifika, Haroun akarudi na kiti chake, na hakuongea. Wakati huo alikuwa ameshaoa, mwalimu wa Morogoro, mwanamke mwema kwa mujibu wa Dalila. Mama yake Swalha alifariki mwaka uliofuata. Kwenye msiba walikuja majirani wachache. Akina mama watano wale walituma salamu, lakini hawakuja. Swalha alizika, akakaa arobaini, akarudi Guangzhou. Meneja wa hoteli alimuuliza kwa ishara ya simu sikioni kama bado wanamtafuta. Alimwambia hapana, akaomba chumba cha upande mwingine, kisichotazama stesheni.